Kisukari na Saratani ya Tezi Dume: Namna ya Kusoma Takwimu Inayofariji

Mwanamume wa miaka 63, anayehudhuria kliniki ya kisukari kwa mwaka wa 12 sasa, anaanza kuamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo. Hashtuki. Tangu siku alipoelezwa kuwa ana kisukari alifundishwa kwamba sukari ikipanda mkojo huongezeka. Basi anapunguza ugali, anaacha soda, anangoja tarehe yake ya kliniki. Siku ikifika anapimwa sukari, shinikizo la damu na uzito, anakaguliwa miguu, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kama mkojo huo ni mwingi au ni wa matone, wala yeye hakuona sababu ya kuusema.

Mgonjwa huyu si mtu fulani mmoja. Ni mfano uliojengwa kutokana na hali ambayo wahudumu wengi wa kliniki hizi wanaifahamu. Tumeanza naye kwa sababu swali linalojadiliwa hapa ni lake: je, mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya tezi dume kuliko wanaume wengine, au ndogo zaidi? Jibu la watafiti limewashangaza wengi, na likisomwa kwa haraka laweza kumdhuru.

Kabla ya kufika huko, kuna neno moja linalohitaji kunyooshwa. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani "ana tezi dume", kana kwamba tezi dume ni jina la ugonjwa. Tezi dume ni kiungo, na kila mwanamume amezaliwa nacho. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, kikiuzunguka mrija unaotoa mkojo nje, na kwa kijana mzima uzito wake ni gramu 20 hivi. Kiungo hicho chaweza kuvimba kwa maambukizi, chaweza kukua kwa sababu ya umri bila kuwa na saratani, na chaweza kupata saratani. Haya ni mambo matatu tofauti, ijapokuwa mtu mmoja aweza kuwa na mawili kwa wakati mmoja.

Hatari haigawanyiki sawa

Umri ndio unaotangulia yote. Saratani hii ni nadra kabla ya miaka 40 na huongezeka kwa kasi baada ya 50. Watafiti waliochunguza tezi dume za wanaume waliofariki kwa sababu nyingine kabisa waliikuta saratani kwa takriban 5 katika kila 100 waliokuwa chini ya miaka 30, na kwa takriban 59 katika kila 100 waliokuwa wamevuka miaka 79. Walio wengi kati yao waliishi na kufa bila kujua. Kwa hiyo kuwa na saratani ya tezi dume ni jambo moja, kuugua kwa ajili yake ni jambo la pili, na kufa nayo ni la tatu. Anayesoma takwimu za ugonjwa huu bila kuzitenga hali hizi tatu hupotea njiani.

Ndiyo maana ramani ya dunia ina sura mbili. Mwaka 2020 ulimwenguni kote wanaume wapatao milioni 1.4 waligundulika kuwa na saratani hii, na wapatao 375,000 walifariki kwa ajili yake. Idadi ya wanaogundulika kwa kulinganisha na idadi ya watu iko juu sana Ulaya ya Kaskazini na Australia, mahali ambapo damu hupimwa sana. Idadi ya wanaokufa iko juu zaidi katika visiwa vya Karibi na Afrika kusini mwa Sahara. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Na wengi wao hufika hospitali ikiwa imekwisha kusambaa mifupani.

Baada ya umri huja ukoo. Mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa kuzaliwa ameugua ana hatari inayokaribia kuwa mara mbili ya wengine, na huzidi iwapo waliougua ni wengi au waliugua wakiwa bado vijana. Uchunguzi wa mapacha wa nchi za Skandinavia uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kuwa asilimia 57 ya tofauti za hatari baina ya watu hutokana na kurithi; ni saratani chache zilizo na kiwango kikubwa hivyo. Hapa pana kosa linalofanyika mara nyingi katika mahojiano ya kliniki: mgonjwa huulizwa habari za baba tu. Jeni iitwayo BRCA2, ambayo umma umeifahamu kwa saratani ya matiti, humwongezea pia mwanamume aliyeirithi ikiwa na hitilafu hatari ya saratani ya tezi dume, tena ile iliyo kali. Mwanamume ambaye mama, shangazi au dada zake waliugua saratani ya matiti au ya ovari anayo habari ya kumweleza daktari, hata kama baba yake alikuwa mzima mpaka uzeeni.

Asili nayo ina uzito. Takwimu za Uingereza zilizochapishwa mwaka 2015 zilionesha kwamba katika maisha yake yote, mwanamume 1 kati ya 8 wa asili ya Kizungu hugundulika na saratani hii. Kwa weusi ni 1 kati ya 4. Kwa wenye asili ya Asia ni 1 kati ya 13. Waliokufa nayo walikuwa 1 kati ya 24, 1 kati ya 12, na 1 kati ya 44. Msomaji mwenye subira atagundua jambo katika hesabu hiyo: katika makundi yote matatu, takriban theluthi moja ya waliogundulika ndio waliokufa nayo. Yaani weusi walizidi katika kuupata ugonjwa, lakini walipokwisha kuupata, katika nchi yenye huduma inayotolewa kwa wote, sehemu ya waliouawa nao haikuwa kubwa kuliko ya wenzao.

Ni lazima tujihadhari tunapoihamishia takwimu hiyo Afrika Mashariki. Weusi wa Uingereza na Marekani kwa sehemu kubwa wana asili ya Afrika Magharibi, na bara letu lina tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko mabara mengine yote. Hata hivyo yapo yanayotuunganisha. Kwenye kromosomu ya 8 limegunduliwa badiliko la kinasaba linalopatikana takriban kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao, ambalo huongeza hatari ya saratani hii, na utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Uganda umelithibitisha kwao pia.

Kisukari kinapopunguza hatari

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Mwaka 2006 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 19 na kuyachambua kwa pamoja. Walikuta kwamba wanaume wenye kisukari waligundulika na saratani ya tezi dume kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 16 kuliko wasio nacho. Hilo lilikuwa kinyume na mazoea, kwa kuwa kisukari aina ya pili huongeza saratani za ini, kongosho na utumbo mpana. Uchunguzi mkubwa uliofuata, uliohusisha wanaume 86,303 wa Hawaii na California kutoka makabila matano, ulithibitisha mwelekeo huo: kwa ujumla wenye kisukari walikuwa chini kwa asilimia 19. Lakini tofauti haikuwa sawa kwa wote. Kwa Wamarekani wa asili ya Ulaya pengo lilikuwa asilimia 35. Kwa Wamarekani weusi lilikuwa 11 tu. Tafiti za nchi za Asia, kwa upande wake, hazikuonesha kinga hiyo kwa uthabiti.

Maelezo yaliyotolewa ni matatu, na kwa maoni ya mwandishi hakuna hata moja linalotosha likisimama peke yake.

La kwanza ni la homoni. Katika miaka ya mwanzo ya kisukari aina ya pili, mwili hauiitikii insulini ipasavyo, na kongosho hutengeneza nyingi kufidia. Insulini, pamoja na homoni nyingine inayofanana nayo, huzihimiza seli kukua. Miaka ikipita kongosho huchoka na insulini hupungua. Testosteroni nayo, ambayo ndiyo chakula cha seli za tezi dume, huwa chini kwa wanaume wengi wenye kisukari. Maelezo haya yanaafikiana na jambo lililoonekana mara kwa mara, kwamba pengo la hatari hupanuka kadiri miaka ya kuishi na kisukari inavyoongezeka.

La pili ni la vinasaba, nalo linavutia zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Iceland, walipokuwa wakitafuta mabadiliko ya kinasaba yanayoongeza hatari ya saratani ya tezi dume, walilikuta moja katika jeni iitwayo HNF1B, kwenye kromosomu ya 17. Walipolifuatilia waliona kwamba badiliko hilohilo linalomsogeza mtu karibu na saratani humweka mbali na kisukari. Basi huenda sehemu ya uhusiano huu iliandikwa kabla ya mtu kuzaliwa, wala si kazi ya sukari iliyomo katika damu yake.

La tatu ndilo linalotupasa kulikazia macho, maana halihusu mwili pekee bali kipimo chenyewe. Saratani nyingi za tezi dume huanza kutafutwa baada ya kipimo cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Katika uchunguzi ule wa Hawaii na California, wastani wa PSA kwa wenye kisukari ulikuwa nanogramu 1.07 kwa mililita, na kwa wasio nacho 1.28. Tena wenye kisukari walikuwa wamepimwa PSA mara chache zaidi. Anayepimwa mara chache, kwa kipimo kinachosoma chini, hana budi kugundulika mara chache. Watafiti wale waliona kwamba tofauti hiyo haikutosha kueleza pengo lote, na hatuna sababu ya kuwapinga. Lakini kueleza sehemu tu kunatosha kumletea mgonjwa madhara.

Asilimia 16 zinamfanyia nini mtu mmoja?

Tuchukue hesabu ya Uingereza, 1 kati ya 8. Katika wanaume 100 hiyo ni 12 au 13. Tukiipunguza kwa asilimia 16 inabaki 10 au 11. Hiyo ndiyo "kinga" yote: wanaume wawili katika mia. Ukimwambia mgonjwa kwamba hatari yake imepungua kwa asilimia 16 atatoka chumbani akitabasamu. Ukimwambia kwamba badala ya 12 wataugua 10, atakuuliza yeye ni wa ngapi, na hilo ni swali la busara.

Sasa tuitazame PSA kwa namna hiyohiyo. Kiwango cha nanogramu 4 kimetumika kwa miaka mingi kama mpaka wa kuanza uchunguzi zaidi. Tuseme mwanamume ambaye asingekuwa na kisukari angesoma 4.5. Tukiipunguza kwa uwiano ule wa 1.07 kwa 1.28, anasoma 3.8 hivi, na karatasi yake inaandikwa kuwa ni ya kawaida. Mpaka wenyewe si ukuta wa mawe: uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulichukua vinyama vya tezi dume za wanaume 2,950 ambao PSA yao haikuzidi 4, na asilimia 15 walikutwa na saratani. Unene huzidisha tatizo, kwa kuwa mtu mwenye mwili mkubwa ana damu nyingi zaidi, na PSA ileile ikimiminwa ndani yake husomeka chini. Na iwapo mzee anatumia finasteride kwa ajili ya tezi iliyokua, dawa hiyo hupunguza PSA kwa takriban nusu, kwa hiyo tarakimu hupaswa kuzidishwa mara mbili kabla ya kufasiriwa. Mzee mnene, mwenye kisukari, anayemeza finasteride, aweza kuwa na PSA ya 2 ambayo haimaanishi hata kidogo kile ambacho 2 ingemaanisha kwa mwingine.

Kisha kuna vifo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba miongoni mwa wanaume waliokwisha kugundulika na saratani ya tezi dume, wale waliokuwa na kisukari tangu awali walikufa kwa saratani hiyo kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 29. Hivyo wenye kisukari hugundulika wachache, lakini wanaogundulika huwa na hali mbaya zaidi. Anayechelewa kugunduliwa kwa sababu kipimo kilimhesabu kuwa mzima huja na ugonjwa uliokomaa. Na moyo, figo na mishipa yake iliyokwisha kuumizwa na sukari huvumilia tiba kwa shida.

Haifuati kwamba kila mwenye kisukari apimwe PSA kesho asubuhi. Saratani nyingi za tezi dume hutambaa polepole mno, kuchukua kinyama kuna maumivu na huweza kuleta maambukizi, na tiba yaweza kuathiri nguvu za kiume na uwezo wa kuzuia mkojo, mambo ambayo kisukari chenyewe huenda kimekwisha kuyapunguza. Chama cha saratani cha Marekani hushauri mwanamume aanze kuzungumza na daktari juu ya kipimo hiki akiwa na miaka 50. Weusi na wenye baba au ndugu aliyeugua kabla ya miaka 65 waanze wakiwa na 45. Na wenye zaidi ya ndugu mmoja wa karibu aliyeugua mapema waanze na 40. Kisukari hakimo katika orodha hiyo, si kwa kuongeza wala kwa kupunguza. Hapo ndipo kinapostahili kukaa: hakimtoi mtu katika foleni.

Mkojo wa sukari na mkojo wa tezi

Sukari ikiwa juu, mkojo huwa mwingi kila mara mtu anapokwenda, mchana kama usiku, na kiu huandamana nao. Baadhi ya dawa mpya za kisukari hutoa sukari kwa njia ya mkojo, nazo pia huuongeza. Tezi iliyokua huleta jambo jingine: mtu husimama akingoja mkojo uanze, ukianza hutoka bila nguvu, hukatika na kuanza tena, na akimaliza huhisi kibofu hakijaisha. Hali ya tatu ni ya kisukari cha muda mrefu kilichoharibu neva za kibofu. Kibofu hujaa bila mwenyewe kuhisi, mpaka mkojo unafurika kwa matone. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na zote tatu. Kumwuliza maswali haya hakugharimu chochote ila dakika mbili, na kumpa chombo chenye vipimo akipimie mkojo wake nyumbani kwa siku mbili au tatu hufafanua mengi kuliko mashine nyingi za ghali.

Jambo lisilojulikana sana ni kwamba saratani changa ya tezi dume aghalabu haileti shida yoyote ya mkojo. Huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija. Anayesubiri mkojo umwonye huenda anaisubiri dalili ya tezi iliyokua tu, huku saratani ikiendelea kimya. Inapoanza kusema husemea mgongoni na nyongani, kwa maumivu yanayodhaniwa kuwa ya jembe au ya uzee, na kwa kukonda kunakodhaniwa kuwa kwa sukari. Miguu ikilegea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, huo ni udharura wa siku hiyohiyo, maana uti wa mgongo unabanwa.

Kuhusu uchunguzi wa kidole, ambao umegeuzwa kuwa mzaha wa vijiweni, itoshe kusema kwamba huchukua sekunde chache, na kwamba daktari hutafuta ugumu au kinundu ambacho PSA iliyoshushwa na kisukari ingeweza kukipita.

Tiba inayoamsha sukari

Uhusiano wa magonjwa haya mawili una upande wa pili, usiozungumzwa inavyostahili. Tangu mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alipoonesha kwamba saratani iliyosambaa hunywea testosteroni ikiondolewa, msingi wa tiba ya hatua hiyo umekuwa uleule: kuondoa korodani kwa upasuaji, au kuzinyamazisha kwa sindano. Mwili uliopoteza testosteroni hupunguza misuli, huongeza mafuta tumboni, na huacha kuiitikia insulini vizuri. Uchunguzi wa wazee wapatao 73,000 wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta kwamba waliotibiwa kwa sindano walipata kisukari kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 44, na walioondolewa korodani kwa asilimia 34. Prednisolone, inayotolewa pamoja na dawa ya abiraterone, nayo hupandisha sukari. Kulikuwa na matumaini kwamba metformin, dawa ya kisukari iliyozoeleka kuliko zote, ingerefusha maisha ya wagonjwa hao. Jaribio kubwa la Uingereza lililotoa matokeo mwaka 2024 halikuthibitisha hivyo kwa ujumla wao, ingawa lilipunguza baadhi ya madhara ya tiba kwa sukari na uzito.

Kwa hiyo sukari ya mgonjwa hupimwa kabla ya sindano ya kwanza, na kurudiwa kwa vipindi baada yake, hata kwa asiyekuwa na kisukari. Mgonjwa wetu wa miaka 63, akifika hatua hiyo, huenda dawa zilizomtosha kwa miaka 12 zisimtoshe tena. Daktari wake wa kisukari anapaswa kuelezwa wiki hiyohiyo sindano inapochomwa, si miezi sita baadaye mgonjwa akirudi na sukari ya 18, akiulizwa na kila mtu amekula nini.